Vumbi lililokula mawimbi

Leo naweka kando PHP na hifadhidata, niwasimulie kisa cha programu iliyotoa majibu ya uongo bila kulalamika. Programu ikikwama utajua. Ikidanganya je?

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu baridi ya gesi na vumbi. Vumbi ni kama asilimia 1 tu ya uzito wote, lakini ndilo malighafi ya sayari. Kuna sumaku pia: mwaka 1956 Leon Mestel na Lyman Spitzer walieleza jinsi uga wa sumaku wenye nguvu unavyoweza kulizuia wingu lisiporomoke. Hesabu za mchanganyiko huo zinahitaji tarakilishi.

Mwaka 1977 Leon Lucy, na kando yake Robert Gingold na Joe Monaghan, walibuni mbinu iitwayo SPH. Badala ya kukata anga vijisanduku, unaigawa gesi yenyewe kuwa chembe zinazosafiri. Phillips na Monaghan walipoingiza sumaku mwaka 1985, walikuta chembe zinajikusanya mafungu mafungu pale nguvu ya sumaku inapolizidi shinikizo la gesi. Hilo peke yake lingetosha makala nyingine.

Turudi kwa vumbi. Njia iliyozoeleka ilikuwa chembe za aina mbili, za gesi na za vumbi, zikisuguana. Ungedhani punje ndogo kabisa ndizo rahisi, maana huenda karibu sawa na gesi. Kumbe! Mwaka 2012 Guillaume Laibe na Daniel Price walionyesha kwamba utengano wa punje hizo na gesi ni mdogo kuliko upana wa chembe za programu. Programu haiuoni, inautia chumvi, na msuguano wa bandia unakula nishati ya mawimbi.

Kuongeza chembe hadi utengano uonekane kungekula muda wa mashine vibaya sana. Mwaka 2014 wakabadili muundo wa data: chembe za aina moja tu, kila moja ikibeba mchanganyiko, kiasi cha vumbi lililomo na tofauti ya mwendo. Punje kubwa bado zinahitaji njia ya zamani, kwa sababu mikondo yake inaweza kupishana mahali pamoja.

Phantom, programu ya Price na wenzake iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2017, ina njia zote mbili. Imeandikwa kwa Fortran, na mnaoicheka Fortran mpakue msome.