Kati ya Kichocho na Saratani

Pwani ya Kenya hakuna asiyelijua neno kichocho. Kuanzia Magarini mpaka Ganze, mtoto akikojoa damu jirani hatafuti jina jingine. Ukilitamka unasikia ndani yake kuchocha, kusukuma kitu chenye ncha ndani ya kitundu, na sikio haliko mbali na ukweli: yai la mnyoo huyu, likitazamwa kwa hadubini, lina mwiba mmoja mkali mwishoni. Ni neno fupi, la kwetu, halihitaji mkalimani. Kasoro yake moja ni kwamba linaishia utotoni.

Husemwa fulani alikuwa na kichocho kama inavyosemwa alikuwa na surua: kilikuja, kikapita. Kijana aliyekuwa akiogelea kwenye bwawa la silanga baada ya mvua, kati ya konokono wanaobeba viluwiluwi vya mnyoo, leo ni baba wa watoto wanne. Damu ilikoma zamani na neno likamtoka. Lakini mayai yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu hayakumtoka. Mwili huyazingira kwa uvimbe, ukuta hukakamaa, na seli zinazokifunika kibofu kwa ndani huweza kubadilika zikawa bapa, mfano wa seli za ngozi. Kwa baadhi ya watu, miaka mingi baadaye, hapo ndipo saratani inapoota. Jambo hili si geni kwa madaktari. Daktari Ferguson aliandika kuhusu wagonjwa 40 huko Cairo mwaka 1911, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka mnyoo wa kichocho, Schistosoma haematobium, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa tumbaku.

Saratani nayo ni neno lenye safari. Kwa Kiarabu ni kaa, na wajuzi wa falaki wa pwani walilijua kwanza kama jina la buruji. Matabibu wa Kiyunani ndio waliouona uvimbe na mishipa iliyotapakaa kuuzunguka wakakumbuka miguu ya kaa. Kwetu neno hili huja mwisho, mara nyingi ugonjwa ukiwa umeshatanda. Basi tuna neno la mwanzo na neno la mwisho, na katikati miaka ishirini au thelathini ambayo Kiswahili hakijaipa jina.

Miaka hiyo ndiyo inayotafutwa kwenye mkojo. Ukanda wa kupimia unaopatikana zahanati huchovywa, na kisehemu cha damu kilichokuwa cha njano hugeuka kijani damu ikiwapo. Ukanda huo hukuambia kuna damu, kuna protini, basi. Haukuambii ni protini ipi, wala imetoka wapi: ni ya damu iliyovuja, ya kinga inayopigana na mayai, au ya seli za kibofu zilizoanza kuharibika? Watafiti sasa huzitenganisha protini za mkojo mmoja, mamia kwa mamia, kwa mashine inayopima uzito wa vipande vyake, kisha hulinganisha watu na watu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa aina hiyo kuhusu wakazi wa Eggua, jimbo la Ogun, Nigeria: wenye kichocho, wenye madhara ya kibofu, na wasio na lolote. Lengo ni kupata protini zitakazoonya kabla kaa hajatokea.

Hapa ndipo kazi ya istilahi inapoanza, na ni kazi nzito kuliko inavyodhaniwa. Protini ni neno lililokwisha kukaa kwenye Kiswahili, lakini lilikaa kwa mlango wa jikoni. Kliniki ya watoto imemfundisha mama kwamba protini ni samaki, maharagwe, mayai. Mwambie mkojo wa mwanawe una protini, na ana haki ya kushukuru kwamba mtoto anakula vizuri. Kosa si lake. Anayemwambia aseme protini za mwili, aeleze kwamba hizi zilipaswa kubaki ndani na sasa zinavuja.

Kuna pia hilo jambo la kuonya. Protini inayoonya hivyo baadhi ya tafsiri huiita alama ya kibayolojia, jina ambalo silipendi: alama ni kovu, ni kitu kilichobaki baada ya jambo kupita. Dalili nayo ni ya mgonjwa mwenyewe, yeye ndiye anayeihisi. Kinachotafutwa hapa huonekana kabla mtu hajahisi chochote. Kiashiria kinatosha. Redio imeshatuzoesha viashiria vya uchumi, na hakuna anayetaka afafanuliwe.

Kilifi mambo haya si ya darasani. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kipo mjini humo tangu 1989, na mtu hutia sahihi fomu ya ridhaa kwa maneno aliyosomewa. Muuguzi mwenye adabu atamwomba mzee haja ndogo, na afanye hivyo. Fomu yenyewe lakini iandike mkojo, iandike kichocho, na isiruhusu kichocho kuchanganywa na kisonono. Mkanganyiko huo umewafanya wanawake wengi wenye mayai ya mnyoo kwenye njia ya uzazi wanyamaze, wakihofia kuitwa wazinzi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa waandishi wa fomu, watangazaji na walimu wa afya: mnapotaja kichocho, msiishie kwa mtoto. Semeni kwamba dawa ya prazikwanteli huua minyoo lakini haiyaondoi mayai yaliyokwisha kunasa ukutani. Na wewe uliyekulia kando ya silanga, ukiona damu kwenye mkojo ukubwani, hata bila maumivu, usingoje. Nenda ukapimwe, na umweleze daktari kwamba utotoni ulikuwa na kichocho.