Mfugaji wa Ngara ametoka wapi?

Wadau, nimekuwa kimya humu karibu wiki tatu. Majaribio yamebana, bumu limechelewa, mnajua wenyewe mtu akiwa na njaa haandiki. Leo nimerudi kwa sababu ya jambo lililonikera kwenye semina ya historia juzi.

Mada ilikuwa jamii za kuhamahama na nafasi yao katika historia ya mwanzo ya binadamu. Jamaa mmoja akasimama, akasema binadamu aliwinda kwanza, halafu akachunga, halafu akalima, kwa hiyo mfugaji anayehama ni mtu aliyekwama darasa la kati. Watu wakacheka. Akaongeza kwamba hata kule Ngara na Biharamulo wafugaji ni watu wa kuja tu, asili yao Ethiopia. Sasa mimi ni Mhangaza wa Ngara. Kila nikitaja kwetu hakosi mtu wa kuniuliza kama mimi ni Mrundi au Mnyarwanda. Nikanyoosha mkono, muda ukawa umeisha. Basi nijibu hapa.

Hiyo ngazi ya kuwinda, kuchunga, kulima tuliikariri wote kidato cha kwanza. Kuhama kweli ni kwa wote: binadamu wa aina yetu ana miaka kama 300,000 duniani, na kilimo hata huko kilikoanza mapema hakina zaidi ya miaka 12,000. Mababu wa kila mtu aliyekuwa semina ile walikuwa wahamaji kwa muda mrefu kuliko walivyokaa. Ila Afrika ngazi hiyo haikupandwa kwa mpangilio wa kitabu. Huku ng'ombe alitangulia shamba. Sahara ilipokuwa bado na majani na maziwa, watu walichunga maelfu ya miaka kabla ya kuanza kupanda mtama. Jangwa lilipokauka wakasogea na mifugo yao. Kando ya Ziwa Turkana mifugo ipo miaka kama 5,000 iliyopita, na Luxmanda, kule Manyara, wafugaji walikuwepo miaka kama 3,000 iliyopita. Mfugaji hakuwa njiani kwenda kuwa mkulima. Alipata namna ya kuishi penye mvua ya kubahatisha, basi.

Na wawindaji nao tusiwadharau. Kuna aina ya vyungu vya kale inaitwa Kansyore, jina la kisiwa kilicho ndani ya mto Kagera upande wa Uganda, mto ule ule unaopita kwetu Rusumo. Waliovifinyanga walikuwa wavuvi na wawindaji wa kandokando ya Ziwa Victoria, maelfu ya miaka kabla ya shamba lolote huku. Kitabu kinasema mtu asiyelima hana vyungu. Hawa walikuwa navyo.

Sasa hilo la Ethiopia. Hapa ndipo damu ilinichemka, maana najua lilikotokea. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Nile, alipita nchi ya Usui, ambayo leo ni upande wa Biharamulo na Ngara. Mtawala wake, Suwarora, alimkalisha na kumdai hongo kama alivyowadai wapita njia wengine. Mwishoni mwa mwaka huo Speke akafika Karagwe kwa Rumanika, akapokelewa vizuri, akaona ng'ombe wengi na watu warefu. Kitabu chake kikatoka 1863, na ndani yake ana sura nzima juu ya Wahuma, yaani Wahima. Anaeleza kwamba hawa hawawezi kuwa wa hapa, lazima ni wavamizi kutoka Uhabeshi waliokuja kutawala wakulima. Hakuchimba shimo, hakuchunguza lugha. Aliangalia sura za watu na kupima vimo.

Jamani, nadharia hiyo ilizaliwa kwenye njia inayopita kwetu! Mzungu kakaa miezi michache, kaandika, wengine wakanakili. Wabelgiji wakaja kuipigia muhuri: miaka ya 1930 waliwapa Wanyarwanda vitambulisho vyenye kuandikwa nani Mtutsi nani Mhutu. Kabla ya hapo Wanyarwanda walikuwa na neno kwihutura, kuuvua uhutu, kwa mtu aliyepata ng'ombe na kupanda hadhi. Kumbe mstari ulikuwa unavukika.

Novemba 1992 mwanasiasa wa Rwanda, Léon Mugesera, alihutubia mkutano akasema Watutsi warudishwe kwao Ethiopia kwa njia ya mkato, mto Nyabarongo. Angalieni ramani. Nyabarongo inaingia Kagera. Mwaka 1994 maiti zilishuka kwa mto huo, zikapita maporomoko ya Rusumo mpaka Ziwa Victoria. Na tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, kwa muda wa kama saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, wengi wao Wahutu waliokimbia mapigano. Benaco ikageuka mji wa maturubai. Wazee wa kwetu wakianza kuhadithia mambo ya mto huwa wanaishia katikati. Ndiyo maana mtu akisema "wametoka Ethiopia" huku anacheka, mimi sicheki.

Ardhi yenyewe inasema nini? Ntusi, kusini magharibi mwa Uganda, wachimbaji walikuta vilima vya taka za watu walioishi pale kati ya karne ya 11 na ya 15. Mna mifupa ya ng'ombe kwa wingi, na mna mawe ya kusagia nafaka. Mji mmoja, kuchunga na kulima pamoja. Wanaochunguza lugha, kama David Schoenbrun, wanaonyesha kuwa Wabantu wa maziwa makuu waliazima maneno mengi ya ufugaji kwa majirani wa lugha za Kisudani na Kikushi zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mtu huazima neno la ng'ombe kwa anayeishi naye.

Halafu kuna sotoka. Miaka ya 1890 ugonjwa huo uliua ng'ombe Afrika Mashariki yote. Mwenye zizi akaamka hana kitu, akashika jembe. Helge Kjekshus, kwenye kitabu chake cha 1977, anaeleza kilichofuata: mifugo na watu wakipungua, vichaka vinarudi, na mbung'o wanarudi na vichaka. Biharamulo ilipata mbung'o na malale kiasi kwamba serikali ya kikoloni ikawahamisha watu na kuwakusanya pamoja. Pori lile tunaloliita la asili, ambalo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, lina maeneo yaliyowahi kuchungwa na kulimwa. Leo mwenye ng'ombe akiingia humo ni mvamizi.

Mwaka 2013, kwenye Operesheni Kimbunga, watu walifukuzwa Kagera, Geita na Kigoma kama wahamiaji haramu, wafugaji wakiwemo, wengine wameishi huku miongo. Sisemi kila aliyefukuzwa alikuwa Mtanzania. Ila Bugufi, nusu ya Ngara, ilikuwa ya ufalme wa Burundi mpaka wakoloni walipoigawa. Tukianza kuulizana nani katoka wapi, kwetu tutaulizana mpaka jioni.

Na yule jamaa wa semina, nimemwahidi soda nimwambie kitu. Warundi, ambao lugha yao na Kihangaza ni ndugu, wana salamu: Amasho. Maana yake makundi ya ng'ombe, yaani nakutakia uwe nayo. Anaitoa mkulima kwa mkulima, wote wawili hawana hata ndama.