Ukusanyaji wa Vitabu vya Vita vya 1914–1918 katika Afrika Mashariki

Ukusanyaji wa vitabu vya historia ya vita ni shughuli ya kutafuta, kutambua na kuhifadhi maandishi yaliyochapwa kuhusu majeshi na mapigano. Tofauti kubwa inayouongoza ni ile iliyopo kati ya toleo asilia, yaani kitabu kama kilivyotoka mikononi mwa mchapishaji wake wa kwanza, na toleo lililochapwa upya, yaani kitabu hichohicho kinapotolewa tena baada ya miaka mingi, mara nyingi na mchapishaji mwingine na katika nchi nyingine. Makala hii inahusu tawi moja la shughuli hiyo, nalo ni vitabu vya vita vilivyopiganwa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1914, ambavyo vilizikutanisha Uingereza, Ubelgiji na Ureno kwa upande mmoja na Ujerumani kwa upande wa pili, na vikamalizika tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya mapigano kusimamishwa Ulaya.

Vitabu vya vita hivi vilianza kutoka kabla bunduki hazijanyamaza. Francis Brett Young, daktari aliyefuatana na jeshi la Uingereza lililoongozwa na Jenerali Smuts, alitoa Marching on Tanga mwaka 1917, na J. H. V. Crowe, aliyekuwa mkuu wa mizinga wa jeshi hilohilo, akatoa General Smuts' Campaign in East Africa mjini London mwaka 1918. Kwa upande wa Ujerumani, Gavana Heinrich Schnee alichapisha Deutsch-Ostafrika im Weltkriege mjini Leipzig mwaka 1919, na mwaka uliofuata kamanda wa majeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, akatoa kumbukumbu zake katika mji huohuo. Gavana na kamanda walikuwa wamevutana tangu siku za mwanzo za vita, kwa kuwa Schnee alitaka miji ya pwani isiingizwe katika mapigano ilhali Lettow-Vorbeck alitaka kupigana, na kwa hiyo mkusanyaji anayeviweka vitabu hivyo viwili pamoja katika rafu moja huwa ameyahifadhi mashtaka na utetezi kwa wakati mmoja.

Istilahi tatu hutumika sana katika kazi hii. Toleo ni jumla ya vitabu vyote vilivyotokana na mpangilio mmoja wa herufi; chapa ni kila mara mitambo inapowashwa ili kuchapa nakala za toleo hilo; nayo nakala ni kitabu kimoja kimoja, chenye madoa yake, saini zake na historia yake. Toleo moja laweza kuwa na chapa nyingi, na anayetafuta toleo asilia kwa kawaida huikusudia chapa ya kwanza ya toleo la kwanza. Huongezwa istilahi ya nne, faksimile, ambayo ni toleo jipya linalotengenezwa kwa kupiga picha kurasa za kitabu cha zamani, hivi kwamba hata makosa ya chapa ya mwanzo hurudi kama yalivyokuwa.

Kitabu cha Lettow-Vorbeck kinaonyesha vizuri jinsi maandishi mamoja yanavyoweza kuzaa vitabu vingi. Toleo la Kijerumani, Meine Erinnerungen aus Ostafrika, lilitolewa na K. F. Koehler mwaka 1920, na katika mwaka huohuo Hurst and Blackett wa London wakatoa tafsiri ya Kiingereza kwa jina la My Reminiscences of East Africa. Ukurasa wa jina wa tafsiri hiyo unatangaza picha ya mwandishi, ramani na michoro ya ramani 22, pamoja na michoro 13 iliyofanywa na msaidizi wa jenerali, ambaye ni msanii Walter von Ruckteschell. Tangazo hilo ni chombo cha kazi kwa mnunuzi, kwa maana nakala isiyotimiza hesabu hiyo ina upungufu, hata kama jalada lake linang'aa. Kwa sababu hiyo mkusanyaji makini hukaa na kitabu mezani, akafungua ramani moja baada ya nyingine, akihesabu na kukagua mikunjo, ambako karatasi huchanika kwanza. Mwaka 1957 maandishi hayo yalitolewa tena New York na Robert Speller kwa jina jingine kabisa, East African Campaigns, na mnunuzi aweza kudhani ni kazi mpya ya jenerali. Baadaye Battery Press ya Nashville, Marekani, ikakirudisha sokoni kwa jina lake la mwaka 1920.

Historia rasmi, yaani zile zilizoandikwa kwa amri ya serikali kutokana na nyaraka za jeshi, zina matatizo yake. Ile ya Uingereza, Military Operations: East Africa, iliyokamilishwa na Luteni Kanali Charles Hordern kutokana na rasimu ya Meja Stacke aliyekuwa ameshafariki, ilitoka mwaka 1941 katikati ya vita vingine, ikiwa juzuu la kwanza linaloishia Septemba 1916; juzuu la pili halikuchapishwa kamwe, na sehemu za rasimu yake zimebaki katika hifadhi ya nyaraka ya taifa mjini London. Toleo asilia ni adimu, na watafiti wengi wamekuwa wakilitegemea lile lililochapwa upya na Battery Press mwaka 1990. Afrika Kusini ilitoa simulizi ya J. J. Collyer mjini Pretoria mwaka 1939. Ubelgiji ilitoa Les campagnes coloniales belges kwa majuzuu matatu mjini Brussels kati ya mwaka 1927 na 1932, kazi ambayo msomaji wa Bukavu au Kigoma angeihitaji kuliko ya Hordern, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa kina safari ya askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Ubelgiji, kutoka Kongo hadi kuutwaa mji wa Tabora mwezi Septemba 1916. Kwa Wajerumani, Ludwig Boell, aliyekuwa mwenyewe afisa katika vita hivyo, alitoa Die Operationen in Ostafrika mjini Hamburg mwaka 1951.

Kulitambua toleo asilia kunahitaji macho zaidi kuliko fedha. Mwaka uliochapwa kwenye ukurasa wa jina hautoshi kuwa ushahidi, kwa sababu faksimile huuiga ukurasa huo pamoja na mwaka wake, na muuzaji asiyejua, au anayejua lakini akanyamaza, aweza kukitangaza kitabu cha juzi kuwa cha mwaka 1920. Ukweli huwa nyuma ya ukurasa huo, penye taarifa za hakimiliki, jina la kiwanda cha uchapaji na tarehe za chapa zilizotangulia. Namba ya utambulisho ya vitabu inayojulikana kama ISBN ilianzia Uingereza mwaka 1967 na kuwa ya kimataifa mwaka 1970, kwa hiyo kitabu chochote kilichochapwa namba hiyo ndani yake hakiwezi kuwa cha kabla ya wakati huo, hata ukurasa wake wa jina useme nini. Karatasi nayo husema: ile ya Ujerumani ya miaka ya mwanzo baada ya vita ilikuwa duni kwa uhaba wa malighafi, leo imegeuka rangi ya kahawia na hukatika pembeni inapokunjwa, ilhali karatasi nyeupe na laini katika kitabu kinachodai kuwa cha mwaka 1919 ni sababu tosha ya kusita kabla ya kulipa.

Toleo lililochapwa upya hupoteza kwanza ramani na picha. Picha za zamani zilichapwa kwenye karatasi ya kung'aa iliyoingizwa kati ya kurasa, nazo zinaundwa na vitone vidogo. Zinapopigwa picha tena vitone hukutana na vitone, na nyuso za askari waliopangwa mstari mbele ya boma huwa mabaka meusi yasiyotambulika. Ramani za kukunjua hupunguzwa hadi majina ya mito yasisomeke, na rangi zinazotofautisha majeshi hugeuka kijivu. Hali ni mbaya zaidi katika vitabu vinavyochapwa kwa agizo, yaani nakala moja baada ya nyingine kadiri wanunuzi wanavyolipa, kutokana na kurasa zilizopigwa skani katika maktaba: mara nyingi mpiga skani hakuifungua ramani, kwa hiyo msomaji huona mgongo wa karatasi iliyokunjwa na kitu kingine hakuna. Biashara hiyo imestawi Marekani, ambako vitabu vilivyochapishwa mwaka 1920 vimekwisha kutoka katika ulinzi wa hakimiliki, ilhali nchini Ujerumani, ambako ulinzi hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, maandishi ya Lettow-Vorbeck, aliyefariki mwaka 1964, yanalindwa hadi mwisho wa mwaka 2034.

Hata hivyo si haki kuyadharau matoleo mapya yote. The King's African Rifles cha H. Moyse-Bartlett, kilichotolewa Aldershot mwaka 1956 kikiwa kitabu kimoja kinene, kimechapwa upya na Naval and Military Press ya Uingereza kwa majuzuu mawili ambayo msomaji huyashika kwa wepesi zaidi. Historia ya jeshi la kikoloni la Kijerumani iliyoandikwa na Ernst Nigmann, iliyotoka Berlin mwaka 1911, ilitolewa kwa Kiingereza na Battery Press mwaka 2005, na hivyo ikawafikia wasomaji wasiojua Kijerumani wala kuzimudu herufi za Fraktur zilizotumika katika vitabu vingi vya wakati ule. Utaratibu bora ni kulifanyia kazi toleo jipya, kuliandika pembeni na kusafiri nalo, na kulifungua toleo asilia pale tu ramani, picha au tangazo la mchapishaji linapohitajika.

Uasilia wa kitabu ni jambo moja, na ukweli wa yaliyomo ni jingine. Army Diary ya Richard Meinertzhagen, iliyotolewa Edinburgh mwaka 1960, hutafutwa sana kwa maelezo yake ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, lakini watafiti wa baadaye, akiwemo Brian Garfield katika kitabu cha mwaka 2007, wametilia shaka kubwa uaminifu wa shajara hizo. Nakala safi ya kitabu hicho inafaa kuwekwa rafuni pamoja na ukosoaji wake.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki adui wa kwanza wa vitabu ni unyevu. Vitabu vya Tanga, Mombasa na Unguja huota kuvu kwenye mgongo, gundi ya jalada huliwa na mende, na mchwa hupanda kutoka sakafuni hadi rafu iliyogusa ukuta. Ndiyo maana rafu husogezwa mbali na ukuta, vitabu haviwekwi katika mifuko ya plastiki inayofungia jasho, na mchaniko hauzibwi kwa utepe wa kunata, ambao gundi yake huacha doa lisilotoka. Mihuri ya maktaba nayo isomwe kwa uangalifu, kwani nakala yenye muhuri wa taasisi bila alama ya kuondolewa rasmi huenda bado ni mali ya taasisi hiyo, na kuinunua kwaweza kuwa kushiriki katika kuipora. Mfano wa kuigwa ni Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, ambaye maelfu ya vitabu alivyovikusanya vimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Nairobi, ambako mwananchi yeyote aweza kuviona.

Mkusanyo unaoishia kwa majenerali una pengo, kwa maana vita hivi vilibebwa na mamia ya maelfu ya wapagazi, ambao majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yanatokana na kikosi chao. Utafiti mkuu juu yao ni wa Geoffrey Hodges, The Carrier Corps, uliotolewa Marekani mwaka 1986 na kuchapwa upya na Nairobi University Press mwaka 1999 kwa jina la Kariakor, na hapa toleo la baadaye ndilo lililokipeleka kitabu mahali panapokihusu. Vitabu vya vita vingine vilivyochapwa Afrika Mashariki vina hali hiyohiyo ya kupuuzwa: Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliohaririwa na W. H. Whiteley mwaka 1957; Records of the Maji Maji Rising ya Gwassa na Iliffe, ya Nairobi mwaka 1968; Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, cha Dar es Salaam mwaka 1980; na Utenzi wa Vita vya Kagera wa Henry Muhanika, wa mwaka 1981. Ni vitabu vyembamba vyenye majalada ya karatasi, vilivyosomwa shuleni na majumbani hadi vikachakaa, na wachapishaji wa Nashville au wa Uingereza hawana sababu ya kibiashara ya kuvirudisha. Jukumu hilo ni la wachapishaji na vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na kila aliye na nakala ya vitabu hivyo nyumbani anaombwa aifikishe katika maktaba iliyo karibu naye ili ipigwe skani, ramani zikiwa zimefunguliwa, kabla mchwa hawajaimaliza.