Fadhili za Mungu Katika Miaka ya Ukiwa

Tunapokusanyika kwa yubile hii imetupasa kuyakumbuka matendo ya Mungu katika nchi yetu ya Rungwe. Maana asahauye alikotolewa hajui kushukuru.

Mwaka wa 1891 wajumbe wa Injili walifika kwetu kwa njia ya Ziwa Nyasa. Wamoravian walijenga penye mlima Rungwe, nao wa Misioni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaanza kazi yao katika nchi hii hii. Mwaka uleule mmoja wa Wamoravian, Georg Martin, alifariki. Hatuna shaka ndugu zake walimwombea apone, wala hakupona. Lakini kazi haikuzikwa pamoja naye. Mwaka wa 1908 Agano Jipya lilipigwa chapa kwa Kinyakyusa, na wazee wetu wakamsikia Kyala akisema nao kwa lugha ya mama zao.

Kisha vita vikaja. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland yaliutwaa mji wa Neu Langenburg, ndio Tukuyu ya leo, nao wamisionari Wadachi wakachukuliwa mateka. Kanisa likabaki kama yatima. Hapakuwa na mchungaji mwenyeji hata mmoja aliyewekewa mikono. Kwa hiyo hapakuwa na wa kubatiza, wala wa kugawa Meza ya Bwana. Walibaki waalimu na wazee wa kanisa, na kile Kitabu.

Basi waliomba nini? Waliomba walezi wao warudishwe. Wakangoja mwaka, na wa pili, na wa tatu. Tusifiche neno: wako waliochoka kungoja wakarudia mambo ya kale. Lakini wengine walizidi kuwakusanya watu siku ya Bwana, kufundisha watoto na kuzika wafu kwa tumaini. Baadaye ndugu wa Misioni ya Livingstonia walivuka kutoka Nyasaland wakalitunza kundi lisilo lao, hata mwaka wa 1925 wamisionari Wadachi walipopewa ruhusa ya kurudi.

Wakati wa kurudi kwao jambo moja lilionekana wazi. Wazee wetu walidhani kwamba Mungu amekawia kujibu, kumbe alikuwa akijibu kila siku. Waliomba wapewe walezi, naye akawafanya wao wenyewe kuwa walezi. Katika vita vya pili, vilivyoanza mwaka wa 1939, Wadachi waliondolewa tena. Lakini safari hii Kanisa halikuachwa tupu, kwa kuwa wachungaji wenyeji walikuwako.

Sisi tulio waalimu wa dini leo tumepokea kazi ya watu wale. Twaingia nyumba ambazo mgonjwa ameombewa naye hakupona, na wenyewe watuuliza, Je, Mungu amesikia? Hatuna jibu jepesi. Twawasimulia habari ya kaburi la mwaka 1891, na ya miaka ile tisa ya ukiwa, ili wajue kwamba fadhili za Mungu hazipimwi kwa haraka ya jibu.

Kwa hiyo, ndugu, tusimsifu Mungu kwa mavuno tu, bali na kwa miaka ya kungoja. Yeye aliyewashika wazee wetu gizani ndiye atushikaye sisi. Jina lake lihimidiwe katika Rungwe yote, tangu sasa na hata milele. Amin.