Taa za Krismasi na Maji ya Rupingazi

Kati ya Jamhuri Dei na Mwaka Mpya, hoteli kongwe za upande wa mashariki wa Mlima Kenya huvaa taa. Balbu ndogo huzungushwa kwenye mashina ya miti, zikatambaa juu ya veranda, zikashuka hadi langoni ambako magari yenye vumbi la safari ya Nairobi hupanga foleni. Waliorudi ushago kwa likizo huja jioni na wazazi wao, wakaagiza chai na kuku, watoto wakakimbizana bustanini, nyanya akapigwa picha mbele ya mti uliopambwa. Mandhari hayo yanapendeza, na huwa nayafurahia kila mara. Ila ukiuliza hoteli hizi zilifikaje hapa, na umeme unaoziwasha umetoka wapi, utajikuta unaufuata mto. Maji ndiyo yaliyowaleta waliozijenga, na maji hayo hayo husaidia kuziwasha leo. Kati ya hadithi hizo mbili wapo watu ambao ni nadra kutajwa mezani.

Tuanze Embu. Izaak Walton Inn, iliyo kando ya barabara ya kwenda Meru, ilianzishwa mwaka 1948. Izaak Walton mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikuwa mfanyabiashara wa London aliyezaliwa mwaka 1593, akaandika kitabu kuhusu uvuvi wa ndoana, The Compleat Angler, kilichochapishwa mwaka 1653, akafariki tarehe 15 Desemba 1683. Waingereza wanaopenda kuvua samaki kwa starehe wamemheshimu tangu hapo, na haikuwa ajabu kwa walowezi kuipa jina lake nyumba iliyojengwa karibu na mito yenye samaki aina ya trauti. Kapingazi, Rupingazi na Thuci hutiririka kutoka mlimani ikiwa baridi na safi, na hivyo ndivyo trauti hutaka.

Lakini trauti hawakuwa wa hapa. Mayai yao yaliletwa kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905 kwa juhudi za Ewart Grogan, na samaki wa kwanza wakawekwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye walisambazwa hadi mito ya Mlima Kenya. Waembu na Wameru wa zamani hawakuwa walaji wa samaki. Ng'ombe, mbuzi, mtama, wimbi, viazi vikuu na ndizi ndivyo vilivyojaza vyungu vyao. Kwa hiyo mto ambao kwa mwenyeji ulikuwa wa kunywa, wa kunywesha mifugo na wa matambiko, kwa mgeni ukawa uwanja wa michezo. Aliyetaka kuvua alikata leseni, na jioni alihitaji chumba, moto wa kuni na chakula cha moto. Hoteli ikazaliwa.

Meru kulikuwa na nyumba ya aina hiyo hiyo, nayo ilitangulia. Pig and Whistle ni ya miaka ya 1930, ikiwa na jina walilozoea kupewa mabaa ya Uingereza. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga. Edward Butler Horne, mkuu wa wilaya ambaye Wameru walimwita Kangangi, alifika kuanzisha utawala mwaka 1908. Ofisi ya mawe iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia bado imesimama, na tangu miaka ya 1970 ni Makumbusho ya Meru. Anayezuru Meru wakati wa taa aanzie hapo mchana, kabla ya kwenda kuketi hotelini jioni. Yale mawe yanaeleza vizuri ni nani aliyekuwa na amri mjini, na kwa nini hapakukosekana mahali pa kulala afisa aliyekuwa safarini.

Krismasi ya hotelini katika Kenya ina umri mkubwa kuliko hoteli zote mbili. Norfolk ya Nairobi ilifungua milango yake siku yenyewe ya Krismasi, mwaka 1904. Tangu hapo tarehe 25 Desemba ikawa siku ya walowezi kukusanyika: nyama ya kuoka, pudini, vinywaji na nyimbo za kwao, ilhali nje jua la ikweta linawaka. Ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria ya kila hoteli, iwe imeandikwa ukutani au haikuandikwa. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Alichanja kuni, akabeba maji, akapika, akapiga pasi vitambaa vya meza, akasimama nyuma ya kiti akisubiri kuagizwa. Izaak Walton Inn ilipoanzishwa, sheria ya kipande, kile cheti ambacho mwanaume Mwafrika alilazimishwa kukibeba kila aendako, ilikuwa imefutwa mwaka mmoja tu uliotangulia, na desturi zilizoambatana nayo zilikuwa bado hai.

Wenyeji nao walikuwa na Krismasi yao, na haikupitia hotelini. Wamisionari wa Kianglikana walianza kazi Kigari, karibu na Embu, mwaka 1910. Wamethodisti walifika Meru mwaka 1912 na kujenga kituo Kaaga, mapadre wa Consolata wakaingia Imenti miaka hiyo hiyo, na daktari Clive Irvine wa Kanisa la Scotland akaanza Chogoria mwaka 1922. Kwa vizazi viwili au vitatu Krismasi ikawa sikukuu ya kanisani na nyumbani: nguo mpya kwa watoto, mbuzi wa kuchinjwa, mukimo, njahi, na baadaye chapati, ambazo mtoto wa mashambani alizisubiri mwaka mzima. Mwanga ulikuwa wa koroboi, na mwenye uwezo alikuwa na karabai. Matawi ya saipresi yalikatwa kwenye ua na kusimamishwa kanisani, yakafungwa pamba na karatasi za rangi. Ng'ambo taa za umeme kwenye mti wa Krismasi zilikuwapo tangu mwaka 1882, alipoziwasha Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, nyumbani kwake New York. Miteremko ya Embu na Meru ilizisubiri miongo mingi zaidi.

Kisha ikaja hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia hapo Mkikuyu, Mwembu na Mmeru waliwekwa katika kapu moja la kushukiwa. Kuanzia mwaka 1954 watu walihamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro, kafyu ikawekwa, na kusafiri kukahitaji kibali. Kuimba Krismasi usiku, kwenda kumtembelea shangazi ng'ambo ya mto, kuwasha moto mkubwa uani, mambo ya kawaida kabisa ya sikukuu, yakawa ya kuombewa ruhusa. Msituni juu ya Embu alipigana Jenerali Kubukubu. Upande wa Meru alikuwako Musa Mwariama, ambaye hakukamatwa kamwe.

Hapa ndipo mto unapoingia tena. Thiba, ambao huyapokea maji ya Rupingazi, hupita tambarare za Mwea. Siku hizo Mwea ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu, kabla Kirinyaga haijakatwa kuwa wilaya. Serikali ya kikoloni iliweka huko kambi za mahabusu wa Mau Mau, na kuanzia katikati ya miaka ya 1950 ikawatumia kuchimba mifereji ya kutoa maji katika Thiba na Nyamindi ili kumwagilia mpunga. Walichimba kwa majembe na sururu, wakilindwa kwa bunduki. Sina njia laini ya kulisema hili: mchele wa pishori unaonukia kwenye meza za Krismasi nchini mwetu, hotelini na nyumbani, ulianza kwa kazi ya wafungwa ambao wengi wao hawakuwahi kufikishwa mahakamani. Nimeona menyu nyingi za sikukuu zinazojivunia pilau ya pishori. Hakuna hata moja niliyoona ikiwakumbuka waliochimba mifereji, na naamini mstari mmoja tu wa maandishi ungetosha.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na katika mwezi huo Mwariama na wapiganaji wake walitoka msituni kuja kuonana na Jomo Kenyatta. Siku 13 baadaye ilikuwa Krismasi ya kwanza ya nchi huru. Embu ikawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, ulioenea kutoka Ukambani hadi mpaka wa Ethiopia, na mji uliokuwa kituo kidogo cha wilaya ukaanza kupokea maofisa, walimu, wanasiasa na wageni wa mikutano. Hoteli ya wavuvi ikawa mahali pa semina za serikali na karamu za harusi. Jina la Walton likabaki. Mtaa mjini ukapewa jina la Kubukubu. Majina hayo mawili yanakaa katika mji mmoja, na mtoto wa Embu angefaa kuyajua yote mawili.

Umeme wa mabwawa makubwa ya mto Tana ulianza mwaka 1968, Kindaruma ilipoanza kuzalisha. Ikafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, bwawa kubwa la Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa hayo matano, ambayo Wakenya huyajumlisha kwa jina la Seven Forks, yako katika nchi kavu ya Mbeere na jirani zake wa Ukambani na Murang'a. Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225, na kwa miongo kadhaa Seven Forks ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa umeme wa Kenya. Sasa tazama njia ya maji. Kapingazi huingia Rupingazi, Rupingazi huingia Thiba, Thiba humwagika katika bwawa la Kamburu, na kutoka hapo tone lile lile hupita mitambo ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, moja baada ya nyingine. Mto uliomvutia mvuvi wa kizungu kuja kulala Embu hufanya kazi mara nne kabla ya kuelekea Garissa na bahari. Mito ya Meru, kama Kathita, haina kazi hiyo. Hupita Tharaka na kuingia Tana chini ya Kiambere, na taa za Meru huletewa umeme na nyaya za gridi kutoka kwingine.

Waliolipa gharama ya kwanza ni Wambeere. Ardhi yao ya kando ya mto, iliyokuwa na rutuba kuliko nyingine zote katika nchi ile ya ukame, ilifunikwa na maji, na familia zikahama. Kisha kwa miaka mingi nguzo kubwa za chuma zilisimama juu ya mashamba yao zikipeleka umeme Nairobi, huku wao wakiendelea kununua mafuta ya taa dukani. Mpango wa serikali wa Last Mile, ulioanza mwaka 2015, ndio uliofikisha nyaya katika maboma mengi. Unapoziona taa za hotelini Embu zikiwaka katika kila mti, kumbuka kwamba kusini mashariki ya hapo kuna mzee aliyeishi na bwawa mlangoni nusu ya umri wake bila balbu hata moja. Malalamiko ya wananchi wa huko kuhusu mgao wa mapato ya mabwawa hayajaisha, na mimi naona wana haki ya kuyarudia hadi yasikilizwe.

Umeme wa maji nao una hatari zake. Ukame wa mwaka 2000 ulipunguza maji katika Tana hadi nchi nzima ikaingia katika mgao mkali, na kwa muda taa zikawa za zamu. Tarehe 10 Desemba 2023, msimu wenyewe wa taa ukikaribia, gridi ya taifa ilianguka na sehemu kubwa ya Kenya ikabaki gizani. Hoteli ziliponea jenereta. Mlimani juu, wakulima, shule na vikundi vya watumiaji maji wamekuwa wakipanda miti ya asili kwenye kingo za mito na kung'oa mikaratusi, kwa sababu kila mwaka kiangazi huonekana kukipunguza kina. Kazi hiyo huilinda taa ya hotelini kuliko jenereta yoyote.

Jambo lililobadilika kwa furaha ni samaki. Masinga na Kamburu yalizaa uvuvi ambao haukuwapo, na tilapia wa huko sasa huuzwa mjini Embu na kando ya barabara. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki vijijini, Meru ikiwemo, na kiwanda cha kusindika samaki kikajengwa Kanyakine, Imenti Kusini. Wajukuu wa watu ambao hawakula samaki huagiza tilapia mzima wa kukaanga kwa ugali siku ya Krismasi, katika bustani iliyopewa jina la mvuvi, nao hulipa kama mgeni mwingine yeyote.

Kwa atakayekuja msimu huu, ushauri wangu ni kulala usiku mmoja Embu na mwingine Meru, na kusafiri kati ya miji hiyo mchana. Barabara hiyo ina kona kali na daraja la Nithi, ambapo watu wengi wamepoteza maisha, na Desemba magari huwa mengi na madereva wamechoka. Tarehe 26, badala ya kurudi Nairobi moja kwa moja, panda matatu ya Kiritiri ushuke hadi nchi ya mabwawa. Wavuvi wa Kamburu watakuelekeza mahali Thiba unapoingia.