Rambirambi iliyosomesha ng'ambo

Aliyewahi kusafiri kwa treni ya Reli ya Kati anaijua Kidete. Ni kituo cha wilaya ya Kilosa, katika bonde la mto Mkondoa, ukielekea Gulwe na Dodoma. Mvua zikizidi, reli hukatika upande huo, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Lakini leo sisemi habari za mafuriko. Nataka kusimulia jinsi rambirambi za watu wa ng'ambo zilivyohusika na shehena iliyopita hapo Kidete ndani ya mabehewa.

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo kutoka Dar es Salaam. Mwaka huo huo, jioni ya tarehe 23 Februari, mwanasheria mmoja wa Chicago, Paul Harris, alikutana na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao. Mmoja alikuwa mhandisi wa migodi, mwingine mfanyabiashara wa makaa ya mawe, wa tatu fundi wa kushona nguo. Harris alilelewa na babu na bibi yake kijijini Wallingford, katika jimbo la Vermont. Mjini alikuwa na wateja, ila majirani wa kubisha hodi bila shughuli hakuwa nao. Wakakubaliana wawe wanakutana kwa zamu, leo kwa huyu, siku nyingine kwa yule, na zamu hiyo ndiyo iliyoipa klabu jina la Rotary. Wengi wetu tukilisikia jina hilo tunafikiria suti na chakula cha mchana hotelini. Kumbe chanzo chake ni mtu aliyekuwa na hamu ya kijiji.

Tusifiche kwamba mwanzoni walikutana pia ili kupeana biashara. Kazi ya kuwafaa wengine ilifuata: mwaka 1907 walishughulikia ujenzi wa vyoo vya umma mjini Chicago. Mwaka 1917 kiongozi wao, Arch Klumph, akatoa shauri la kuanzisha mfuko wa kutenda mema duniani. Mchango wa kwanza ulitoka klabu ya Kansas City, nao ulikuwa dola 26 na senti 50. Kamati ya harusi ya siku hizi ingemcheka aliyeuleta.

Kwa miaka mingi mfuko huo haukupata nguvu. Mwezi Januari 1947 Paul Harris akafariki. Alikuwa ameacha neno kwamba asiletewe maua, bali anayetaka kumkumbuka autilie mfuko. Basi klabu za nchi mbalimbali zikatoa, na katika muda mfupi ikapatikana zaidi ya dola milioni moja. Sisi huku tungeziita rambirambi. Kwingine fedha za namna hiyo zingeishia kwenye mnara wa marumaru. Hizi zilisomesha vijana: mwaka huo huo wa 1947 wanafunzi 18 walipelekwa kusoma ng'ambo.

Miaka minne baadaye, mwaka 1951, msichana wa Kijapani aitwaye Sadako Ogata alipata udhamini huo, akaenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Ilikuwa miaka sita tu tangu Japani na Marekani ziache kupigana. Tena kanuni ya kuwakataa wanachama wanawake haikufutwa kwa klabu zote hadi 1989, lakini msichana huyo walimsomesha.

Mwaka 1991 Bibi Ogata akawa Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Kuhudumia Wakimbizi, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Shirika lake ndilo lililobeba mzigo wa kuwapokea pamoja na serikali yetu na mashirika mengine. Chakula cha msaada kilishushwa bandarini Dar es Salaam, na sehemu yake ikapakiwa katika treni kwenda Isaka na Kigoma. Hakuna treni ya kutoka Dar es Salaam kwenda huko isiyopita Kidete.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Udhamini ule wa zamani ulikoma mwaka 2013, na mahali pake upo mwingine. Bajeti yake haipungui dola 30,000, ni wa shahada ya pili na kuendelea, na hudumu mwaka mmoja hadi minne. Mwombaji awe amekwisha kubaliwa na chuo cha ng'ambo, na zipatikane klabu mbili za kumdhamini, moja huku na moja huko aendako. Watoto na wajukuu wa wanachama hawaruhusiwi, sharti ambalo nalipenda sana.

Lakini klabu nyingi ziko mijini. Serikali imefuta ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Hata hivyo toka hapo mpaka shahada ya pili ni mbali. Mtoto wa Kidete ataufikia mlango huo akiwa amekwisha kuhama Kidete, tena kama kuna aliyemwambia kwamba mlango upo.

Mwaka 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya Tom Mboya kwenda vyuo vya Marekani. Wengi wao gharama zao zilichangiwa vijijini kwa karamu za chai, na walioketi katika mikutano hiyo walikuwa wakulima. Watu wa Kidete wanajua kuchanga, maana msiba na harusi haviwapiti.

Kwa aliye na shahada ya kwanza, barua ya kuuliza masharti hupelekwa kwa klabu ya mahali anapoishi au anaposoma. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai na viongozi wa klabu hubadilika siku hiyo, kwa hiyo anayeandika ataje cheo, asitaje jina la mtu.