Staringi Hafi, na Vita vya Nani Aigize Nani

Kama ulikulia mtaa wenye kibanda cha video, sheria ya kwanza ya sinema uliijua kabla hujajua kusoma vizuri: staringi hafi. Unalipa ashara, unabanwa kwenye benchi na watoto wa plot tatu tofauti, DJ Afro anakupa kila ngumi kwa Kiswahili chake, na hata adui akija na bunduki mia, wewe umetulia. Staringi hafi.

Kulikuwa na sheria ya pili ambayo hakuna mtu aliitamka. Ukiona msee mweusi ndani ya kikosi cha wazungu, usimzoee. Huyo anaenda mapema.

Sasa chukua X-Men: First Class ya 2011. Mimi niliiona miaka kadhaa baadaye kwa laptop ya binamu yangu. Kuna mhusika anaitwa Darwin. Nguvu zake ni hizi: mwili wake unabadilika ili aishi. Akiingia majini anaota matamvua. Ukimpiga, ngozi inakuwa ngumu kama mawe. Yaani kazi yake yote kwa hiyo hadithi ni kutokufa. Na kwa kile kikosi cha vijana, nani anakufa wa kwanza? Darwin. Adui anamlisha mpira wa nguvu, jamaa anapasuka, basi. Yule msichana mwingine asiye mzungu kwa kikosi, aliyeigizwa na Zoë Kravitz, tayari amehamia upande wa maadui. Wanaobaki wote ni weupe.

Aliyeigiza Darwin ni Edi Gathegi. Mzaliwa wa Nairobi, 1979, akalelewa California. Ndiye yule yule Laurent wa Twilight. Ni wetu kidogo, ndiyo maana iliniuma zaidi, sitadanganya.

Nimeanza na Edi kwa sababu kila jina la mwigizaji likitangazwa watu hupigana, halafu kuna mzee atakuja kusema intaneti ndiyo imeharibu mashabiki, ati zamani watu walikuwa wanatazama filamu kwa amani. Huo ni uongo. Zamani walikuwa wanatusi kwa barua na stempu wanalipa wenyewe.

Rudi 1988. Warner Bros. wanatangaza kwamba Batman ataigizwa na Michael Keaton, chini ya Tim Burton. Keaton wakati huo alijulikana kwa vichekesho: Mr. Mom ya 1983, halafu Beetlejuice ya mwaka huo huo wa 1988. Mashabiki wakawaka. Inasemekana studio ilipokea barua kama 50,000 za kupinga. Fikiria hiyo kazi. Utafute karatasi, uandike kwa mkono, ununue bahasha, uende posta upange foleni, yote kumwambia mtu usiyemjua kwamba Keaton hana kidevu cha Batman. Leo mtu anatusi akiwa kwa choo na hata hajanunua bando, anatumia Wi-Fi ya jirani.

Lakini tuwatendee haki, walikuwa na sababu. Batman ambaye Wamarekani wengi walimjua ni yule wa televisheni wa 1966 hadi 1968, Adam West, mambo ya kuchekesha na rangi za kung'aa. Wasomaji wa komiki walikuwa wamechoka kuchekwa. Mwaka wa 1986 Frank Miller alikuwa ametoa The Dark Knight Returns, Batman mzee, mwenye hasira, giza tupu, na kwa mara ya kwanza watu wazima wakaanza kuheshimu hizo hadithi. Halafu studio inaleta mchekeshaji! Wao waliona wanarudishwa walikotoka. Hofu ilikuwa halali, ila mtu waliyemrukia ndiye hakuwa na hatia.

Mwisho wa 1988 kelele zilifika ukurasa wa mbele wa Wall Street Journal, gazeti la wenye pesa. Hapo studio ikashtuka kweli. Wakaharakisha trela, ikaenda kwa majumba ya sinema hata kabla filamu kukamilika. Inasimuliwa kwamba kuna watu walinunua tiketi ya filamu nyingine kabisa, wakaona hiyo trela, wakasimama wakaenda zao nyumbani. Juni 1989 Batman ikatoka, ikaingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani. Keaton? Burton amewahi kueleza kwamba mtu mwenye misuli kama mlima hahitaji kuvaa mavazi ya popo ili atishe watu. Alitaka mtu wa kawaida mwenye macho ya kichaa kidogo. Ukitazama macho ya Keaton ndani ya ile barakoa utaelewa. Na ucheke nami: 2023, aliporudi kama Batman ndani ya The Flash, mashabiki walikuwa ndio wanampigia makofi. Sijui wale wa barua walikuwa wapi.

Ilirudiwa 2006, Heath Ledger alipopewa Joker. Watu wakasema huyu ni kijana wa muvi za mapenzi, na wengine wakamleta Brokeback Mountain kama tusi. Akafariki Januari 2008, miezi sita kabla The Dark Knight itoke, na mwaka uliofuata akapewa Oscar akiwa kaburini. Kuna watu hadi leo wanajifanya walimwamini tangu mwanzo.

Ukitaka vita vya kwanza kabisa vya kiwango hiki, enda nyuma zaidi, 1936. Margaret Mitchell anatoa riwaya yake Gone with the Wind mwezi wa Juni. Mwezi wa Julai produsa David O. Selznick ameshanunua haki za filamu kwa dola 50,000. Na nchi nzima ya Marekani inaanza kubishana: nani atakuwa Scarlett O'Hara, nani atakuwa Rhett Butler. Barua zikamiminika. Kwa Rhett, watu waling'ang'ania jina moja, Clark Gable. Shida ni kwamba Gable alikuwa na mkataba na MGM, na siku hizo studio ilimmiliki mwigizaji kama klabu inavyommiliki mchezaji. Selznick alilazimika kwenda kwa baba mkwe wake, Louis B. Mayer wa MGM, akamkopa Gable, na MGM ikatoa pia dola milioni 1.25. Malipo yake? Haki ya kusambaza filamu na nusu ya faida. Hapo ndipo unaona kelele za mashabiki zina bei, na kuna mtu huilipa.

Kwa Scarlett, Selznick aligeuza mabishano kuwa matangazo. Wanawake kama 1,400 walihojiwa kote nchini, na hiyo shughuli ikafanya watu waongee juu ya filamu ambayo haijapigwa hata picha moja. Desemba 1938 walianza kupiga picha za mji wa Atlanta ukiungua na bado Scarlett hakuwepo. Januari 1939 jina likatoka: Vivien Leigh. Mwingereza, mzaliwa wa Darjeeling, India! Watu wa Kusini mwa Marekani wakakasirika, binti wa Georgia ataigizwa vipi na mtu wa ng'ambo. Tawi moja la wanawake wa United Daughters of the Confederacy huko Florida likapinga rasmi. Rais wa chama chao chote akatuliza mambo kwa hesabu ya ajabu: heri Mwingereza kuliko mwanamke wa Kaskazini. Leigh akachukua Oscar.

Sasa, nikisoma hiyo hadithi kuna kitu hunisimamisha. Kelele zote hizo, miaka miwili na nusu, zilikuwa juu ya lafudhi ya Scarlett. Ndani ya filamu hiyo hiyo kulikuwa na Hattie McDaniel, mwanamke mweusi, aliyepewa kuigiza mtumwa wa nyumbani. Filamu ilipozinduliwa Atlanta, Desemba 15, 1939, yeye hakukanyaga pale kwa sababu sheria za Georgia zilitenga weusi. Februari 29, 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, na usiku huo aliketishwa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na wenzake, ndani ya hoteli ambayo kwa kawaida haikuruhusu weusi. Selznick aliomba kama hisani ndio aingie.

Na si kwamba hakuna aliyesema. NAACP walimwandikia Selznick. Magazeti ya Wamarekani weusi yalipiga kelele juu ya mswada wakati filamu bado inatengenezwa, na lile tusi la weusi lililojaa kwenye kitabu likaondolewa kwa mazungumzo ya filamu. Hao pia walikuwa watu wanaobishana kuhusu filamu, manze. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wamesoma kilichoandikwa na wanaongea juu ya kilichoandikwa.

Hapa ndipo mimi nasimama. Shabiki akisema "huyu hafai" kabla hata ya trela, huyo ni mtabiri, na rekodi ya watabiri ni mbaya sana: Keaton, Ledger, Leigh. Shabiki akisema "tazameni mlichomfanyia huyu kwenye skrini," huyo ni shahidi. Wote wawili wanatumia sauti moja na hasira moja, kwa hivyo studio inajifanya haiwezi kuwatofautisha, na wakati mwingine hata sisi wenyewe tunawachanganya.

Utabiri ukichanganyika na ubaguzi ndio unakuwa sumu. The Hunger Games ya 2012: watu walilia mtandaoni kwamba Rue amefanywa mweusi, na mwigizaji, Amandla Stenberg, alikuwa na miaka 13. Kitabu chenyewe kinasema Rue ana ngozi ya kahawia iliyokolea! Hawakuwa wamesoma, au walisoma wakiruka. John Boyega alitokea kwa trela ya Star Wars 2014 akitoa jasho ndani ya sare nyeupe, na mjadala ukawa rangi yake. Kelly Marie Tran alitukanwa baada ya The Last Jedi hadi akafuta picha zake zote Instagram mwaka wa 2018. Hao siwaiti mashabiki, lakini jina lingine siwezi kuliandika hapa.

Najua kuna mtu ataniuliza kuhusu Snyder Cut, kwa hivyo haraka haraka. Zack Snyder aliacha Justice League Mei 2017 baada ya kumpoteza binti yake, Joss Whedon akamalizia, na mashabiki wakadai toleo la Snyder kwa miaka. Walichangisha pesa nyingi kwa shirika la kuzuia watu kujiua. Waliweka mabango, wakarusha ndege yenye bango. Machi 2021 wakapata filamu yao ya saa nne. Mwaka uliofuata ikaripotiwa kwamba kampuni ilikuwa imechunguza na kukuta angalau asilimia 13 ya akaunti kwenye hiyo kampeni zilikuwa feki. Kwa hivyo ndani ya kundi moja kulikuwa na watu wenye huzuni ya kweli, watu wa matusi, na roboti. Sina uamuzi. Filamu yenyewe ni ndefu, lakini ile ya 2017 ilikuwa mbaya zaidi.

Na sisi huku? Hata hapa base tumebishana. 2018, Black Panther ilipozinduliwa Kisumu, kila mtu alikuwa na swali moja: Wakanda inawekwa upande huu wa Afrika Mashariki, sasa Kixhosa kimefikaje? Jibu ni uigizaji tu. Mwaka wa 2016, kwenye Captain America: Civil War, baba yake T'Challa aliigizwa na John Kani wa Afrika Kusini, akaongea lugha yake, Kixhosa, na ikabaki. Mwigizaji mmoja akaamulia taifa zima lugha. Halafu Chadwick Boseman akakataa T'Challa aongee kama Mwingereza au Mmarekani, akashikilia lafudhi ya Kiafrika. Kiswahili tungependa, lakini hatukuwa kwenye chumba. Kani alikuwemo.

Turudi kwa Edi. Julai 2023 James Gunn alitangaza kwamba Gathegi atakuwa Mister Terrific ndani ya Superman. Nikafurahi. Rafiki yangu mmoja, ambaye hujifanya amekomaa kwa mambo haya, akasema, "Buda, dakika ya ishirini ameenda. Superman lazima apate mtu wa kumlilia." Sikuwa na jibu. Darwin alikuwa bado ananikaa rohoni.

Julai 2025 tukaenda wanne, tukachangishana tiketi. Kuna ile sehemu ya ufuoni, Mister Terrific amemfunika Lois Lane ndani ya kinga, na zile tufe zake zinawapitia askari mmoja baada ya mwingine, naye anatembea taratibu tu kama mtu anaenda dukani kununua maziwa. Ukumbi ulipiga mayowe. Kuna mama nyuma yetu alisema, "Huyu si ni Mkikuyu?"

Rafiki yangu hakupiga makofi. Aliketi mbele ya kiti, mikono kwa magoti, akisubiri. Dakika ya ishirini ikapita, saa ikapita, mji ukapasuka katikati, ukarudishwa. Majina yakaanza kupanda kwa skrini na bado hajasimama, wafagiaji wameingia na mifagio yao, yeye bado anangoja Edi afe.

Hakufa. Tukatoka nje, na kabla hatujafika stage tulikuwa tunapigana kuhusu nani atakuwa Batman wa Gunn.